Daktari Atiman wa Karema

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Mpanda ukaelekea magharibi, mwendo wa zaidi ya kilometa 100, utafika Karema. Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika. Siku hizi ni sehemu ya Wilaya ya Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ulipokatwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kabla ya hapo, Karema ilihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda.

Watu wengi huijua Karema kwa sababu ya migebuka na dagaa. Wengine wameijua juzi juzi kwa sababu ya bandari mpya. Lakini hapo Karema aliishi mtu mmoja ambaye habari zake zimefika mbali kuliko samaki. Jina lake Adrian Atiman. Alikuwa daktari. Alifanya kazi Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 mahali pamoja.

Atiman hakuwa Mbende, wala Mpimbwe, wala Mkonongo, wala Mfipa. Hakuzaliwa Tanganyika kabisa. Alizaliwa mbali sana, upande wa pili wa Afrika.

Mtoto wa mto Niger

Katika Afrika ya Magharibi kuna mto mkubwa uitwao Niger. Mto huo hupita katika nchi ya Mali, karibu na mji wa zamani wa Timbuktu. Karibu na mji huo kuna mahali paitwapo Tundurma. Hapo ndipo Atiman alipozaliwa, yapata mwaka 1866.

Alikuwa bado mtoto mdogo alipotekwa na wauza watumwa. Wakamvusha katika jangwa la Sahara. Sahara ni nchi ya mchanga na mawe, haina mito wala misitu. Msafara hutembea siku nyingi kabla ya kufika kwenye kisima. Watumwa wengi walikufa njiani kwa kiu. Mtoto huyu alifika akiwa hai, katika mji wa Metlili, nchi ya Algeria.

Mwaka 1876, hapo Metlili, mapadri waitwao Wamisionari wa Afrika walimkomboa. Watu wa kwetu huwaita White Fathers, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe. Walitoa fedha, wakamchukua. Alikuwa na umri wa miaka kama 10.

Tuseme kweli hapa. Mtoto aliyekombolewa kwa fedha bado amenunuliwa, na hakuna aliyemwuliza anataka kwenda wapi. Njia ya kurudi Tundurma ilikuwa ni jangwa lile lile lenye wauza watumwa wale wale. Basi alilelewa na mapadri, akasoma katika shule zao, na mwaka 1882 akabatizwa. Ndipo akaitwa Adrian. Lakini jina la Atiman, alilotoka nalo kwao, hakuliacha. Alilitumia mpaka siku ya kufa. Katika vitu vyote vya ukoo wake, hicho ndicho kilichobaki mkononi mwake.

Chuo cha Malta

Mkuu wa mapadri wale aliitwa Lavigerie. Alikuwa Mfaransa, na baadaye alikuwa Kardinali. Mwaka 1888 alizunguka Ulaya akiwahubiria watu juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Yeye alikuwa na wazo lake juu ya vijana kama Atiman.

Wazungu waliokuja Afrika ya kati siku zile walikufa haraka kwa homa. Tena hawakujua lugha, na wenyeji waliwaogopa. Lavigerie aliona kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaowafaa Waafrika wenzao. Lakini aliuliza: Mtu mgeni ataingia vipi katika kijiji, asionekane kuwa ni adui? Akaona kwamba mlango mmoja uko wazi kila mahali, nao ni mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Mtu akija na dawa, hata mwenye hasira atamkaribisha.

Kwa hiyo mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, katikati ya bahari kati ya Afrika na Ulaya. Akapeleka huko vijana waliokombolewa utumwani, wasome udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta. Aliagiza wasizoeshwe maisha ya Kizungu. Wale kama Waafrika, wavae kama Waafrika, wasije wakawa wageni kwa ndugu zao. Hawakutakiwa kuwa mapadri. Walitakiwa waoe, wakae vijijini, watibu watu na kufundisha dini. Chuo kile hakikudumu. Kilifungwa baada ya miaka 15. Lakini Atiman alikwisha pata alichokifuata.

Alijifunza jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Alijifunza mifupa, damu, homa, vidonda, na matumizi ya kisu. Mwaka 1888 alimaliza, akatumwa Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari.

Safari ya bara

Wakati ule hapakuwa na reli wala barabara. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950, kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi. Mwaka 1888 mtu alitembea kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Ni zaidi ya kilometa 1,000. Mapagazi walibeba mizigo vichwani na mabegani. Kila nchi msafara ulidaiwa hongo na mtemi wa hapo. Tena mwaka ule ule watu wa pwani walianza kupigana na Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri, na nchi yote ilikuwa na wasiwasi.

Atiman alifika Karema mwaka 1889. Alikuwa kijana wa miaka kama 23.

Alikuta boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, chini ya kiongozi wao Cambier. Walilijenga karibu na maji. Lakini miaka ile ziwa lilipata njia ya kutokea upande wa Kongo, katika mto Lukuga. Maji yakashuka, pwani ikarudi nyuma, na boma likabaki nchi kavu mbali na ziwa. Mwaka 1885 Wabelgiji waliondoka wakawaachia mapadri boma hilo.

Karema ya siku zile ilikuwa mahali pa watu waliokimbia. Watu wa mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji walikuwa wakishambulia vijiji vya kando ya ziwa. Walichoma nyumba na kuteka watu. Walionusurika walikuja kujificha karibu na boma. Mapadri nao walikuwa wakikomboa watoto kutoka katika misafara, kama Atiman mwenyewe alivyokombolewa.

Fikiri, msomaji. Mtoto analetwa. Ana vidonda vya kamba shingoni. Hasemi. Akishikwa mkono anatetemeka, kwa sababu kila aliyewahi kumshika alimwuza. Daktari mwingine angedhani mtoto huyu ni mkaidi au ni bubu. Atiman hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto huyo.

Nadhani hapo ndipo ilipokuwa shule yake ya pili, na ilikuwa kubwa kuliko ya Malta. Malta ilimfundisha mwili. Mambo mengine, yaani kwa nini mtu anaogopa na kwa nini anaamini, alikuwa nayo tayari kutokana na maisha yake, na akayaongeza kwa kukaa na watu.

Mbende wa kuoa

Baada ya kufika Karema, Atiman alioa. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende.

Jambo hili lina uzito. Mtu asiye na baba wala mjomba hana wa kumposea. Hana wa kumtetea shaurini. Watu huuliza: Huyu ni wa nani? Kwa ndoa ile Atiman alipata wakwe na mashemeji. Sasa alikuwa na watu wa kumwambia ukweli. Mgonjwa anaweza kumficha daktari ugonjwa wake, lakini si rahisi kuuficha mbele ya shangazi na shemeji. Alijifunza lugha na desturi za nchi, akawa mwenyeji.

Kazi ya kila siku

Magonjwa ya pwani ya Tanganyika yalikuwa mengi. Mengine mnayajua. Kulikuwa na homa ya malaria, na dawa yake ilikuwa kwinini. Kulikuwa na homa ya papasi, ambao hujificha katika nyufa za nyumba za udongo na kuuma usiku. Kulikuwa na ndui, iliyoua vijiji vizima na kuwaacha wengine vipofu. Siku hizi ndui imekwisha duniani pote, na Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hivyo mwaka 1980.

Katika miaka ya 1890 walifika funza. Zamani hawakuwapo Afrika ya Mashariki. Waliletwa kwa meli kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika, wakatembea na miguu ya wasafiri kuvuka Kongo mpaka ziwani. Watu hawakujua mdudu huyu. Hawakujua kwamba anatolewa kwa sindano au mwiba mapema, kabla hajajaa mayai. Wengi walikatika vidole.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Huletwa na mbung'o, ambao huku kwetu wengi huwaita ndorobo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa huu ulienea kando ya ziwa. Serikali ya Wajerumani ilifungua kambi za wagonjwa, ikaamuru vichaka vya pwani vifyekwe, na vijiji vingine vikahamishwa. Mgonjwa wa malale husinzia mchana, hukesha usiku, na tabia yake hubadilika. Mtu mpole huwa mgomvi. Ndugu zake husema amelogwa.

Hapo penye neno hilo, msomaji, tukae kidogo.

Daktari aliyesoma Malta huuliza: Ni nini kimemwumiza mtu huyu? Ndugu za mgonjwa huuliza: Ni nani amemwumiza? Haya ni maswali mawili. Daktari akijibu la kwanza peke yake, ndugu hurudi nyumbani hawajaridhika. Hunywesha dawa siku mbili, wakaiacha, wakaenda kutafuta jibu la swali lao. Mgonjwa hufa, na daktari hulaumiwa.

Tena mgonjwa haamui peke yake. Wazee wa ukoo ndio huamua kama atapelekwa, lini, na kwa nani. Mwanamke anaweza kuwa na uchungu siku tatu, na bado watu wakamngojea mume wake arudi kutoka mawindoni. Mtu mwenye jipu huogopa kisu kuliko usaha. Mwingine huona aibu kuonyesha mahali panapouma, naye husema kichwa. Daktari asiyejua hayo atatoa dawa ya kichwa.

Mtu hukaa miaka 67 katika kazi kama hiyo kwa sababu moja tu: watu wanaendelea kuja. Walikuja kwa Atiman kwa miguu kutoka milimani na kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa. Alitibu meno, macho, mifupa na vidonda. Alipasua palipohitaji kupasuliwa.

Wala hakuwadharau waganga wa kienyeji. Alijifunza dawa zao, mizizi na majani. Alikuwa na akili ya kujua kwamba watu waliokaa nchi hii muda mrefu hawawezi kuwa hawajui lolote. Tatizo kubwa la dawa zile ni kipimo. Gome lile lile linaweza kuponya likiwa kidogo, na kuua likizidi. Daktari aliyesoma vipimo, akakaa pamoja na mzee anayejua mti, huweza kupata kitu ambacho kila mmoja peke yake asingekipata. Huko Ulaya ya siku zile madaktari wengi waliona mambo ya namna hiyo ni upuuzi.

Serikali zilipita. Walikuja Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa mpaka juu ya maji ya Tanganyika, ambako meli za Wajerumani zilitekwa na kuzamishwa mwaka 1915 na 1916. Wakaja Waingereza. Daktari alikuwa pale pale. Alipewa nishani kwa kazi yake. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la uchunguzi la Tanganyika, na ndiyo maana leo tunajua njia aliyopita.

Joseph, mwana wa daktari

Atiman na Agnes walikuwa na mtoto wa kiume, jina lake Joseph. Mtoto wa mvuvi hukua akishika kamba za nyavu. Joseph alikulia katika nyumba ya daktari. Huko mtoto huona mambo mapema. Anaona mtu mzima akilia. Anaona tajiri na maskini wakingoja pamoja, kila mmoja na jani la mgomba kidondani. Anasikia mlango ukigongwa usiku, na anamwona baba yake akiamka bila kunung'unika.

Watu wangedhani Joseph atarithi dawa na visu. Ndivyo ilivyo katika ukoo wa waganga. Baba humwonyesha mwana miti, akamwachia kibuyu. Lakini Joseph hakuchukua udaktari. Alisoma, akawa padri.

Mkumbuke kwamba kazi ya Atiman ilikuwa na sehemu mbili. Alikuwa daktari na pia katekista. Mchana alitibu, na alifundisha pia. Joseph aliichukua sehemu ile ya pili, akaenda nayo mbali kuliko baba yake. Padri hukaa kusikiliza. Watu humletea yale wasiyoweza kumwambia jirani. Huja mwenye wivu, na aliyeiba akiwa na njaa, na aliyeiba akiwa ameshiba. Huja mume na mke ambao hawasemezani tangu mavuno yaliyopita. Ni lazima padri atafute kilichomsukuma kila mmoja wao, kwa maana kosa moja linaweza kutoka katika mioyo isiyofanana kabisa. Ni kazi ile ile ya kutafuta mahali panapouma kweli, wakati mgonjwa anaonyesha mahali pengine. Ila hapa hakuna kisu.

Lakini kulikuwa na gharama. Padri wa Kikatoliki haoi wala hazai. Katika nchi yetu baba hufurahi akimwona mjukuu mwenye jina lake. Kwa mtu kama Atiman, aliyetengwa na ukoo wake akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akaanza ukoo mpya peke yake kando ya ziwa la kigeni, kumtoa mwana awe padri halikuwa neno dogo. Wazee wa upande wa Agnes nao walikuwa na haki ya kuuliza nani atalinda nyumba. Desturi ya Wabende ilitaka mtoto aoe. Kanisa lilitaka padri asioe. Hakuna njia ya kutimiza yote mawili.

Kijana akaenda. Baba yake hakumzuia. Mtu aliyewahi kuamuliwa mambo yote na watu wengine, kuuzwa na kununuliwa, anajua thamani ya kuachiwa uamue mwenyewe. Hayo ni maoni yangu. Wanakisomo wenzangu wanaweza kuyajadili darasani, hasa wale wenye vijana wasiotaka kushika jembe la baba.

Mwisho wa safari

Atiman alizeeka Karema. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90. TANU ilikuwa imeanzishwa miaka miwili kabla, na uhuru ulikuwa bado miaka mitano. Mpanda ilikwisha pata reli. Watoto aliowazalisha mama zao miaka ya 1890 walikuwa sasa ni mababu na mabibi.

Leo watu hulikuta jina lake mahali mbalimbali. Sumbawanga kuna hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina la Dokta Atiman. Dar es Salaam wamisionari wana nyumba yao iitwayo Atiman House. Wengi wanaopita mlangoni hudhani ni jina la Mzungu fulani. Ni jina la mtoto wa Tundurma, kando ya mto Niger.